Miaka yangu minne kwa hosteli za chuo cha kikristo Nairobi: maji, mesi na nani anashika funguo

Kila mwaka watu wakianza kutafuta vyuo simu yangu haipoi, binamu, majirani wa nyumbani Voi, hadi mama mmoja wa kanisani ambaye hata sikujua ana namba yangu, na swali ni lile lile, hosteli za huko kwenu ziko aje, mtoto alale ndani ama tumtafutie bedsita nje? Nimejibu kwa voisi noti nyingi sana. Sasa mdogo wangu wa kike naye amepata nafasi chuo hicho hicho nilichomaliza mimi 2025, kwa hivyo nimekaa chini niandike yote mara moja, mazuri na mabaya, mzazi asome, mtoto asome, halafu kila mtu aamue kulingana na mfuko wake.

Jina la chuo sitaliandika, maana yale niliyolalamikia nishayapeleka ofisini kwa mdomo wangu na kwa barua na mengine walirekebisha. Lakini mtoto wako awe anaenda CUEA ama Tangaza kule Lang'ata, AIU Karen, PAC Roysambu, Daystar ya Nairobi ama ile ya Athi River, Africa Nazarene huko Rongai ama St. Paul's Limuru, maswali ya kuuliza kabla ulipe ni haya haya. Na swali langu la kwanza siku hizi si kitanda wala rangi ya ukuta wala zile picha za kwa tovuti. Nauliza, nani anashika funguo za hiyo hosteli, na saa nane usiku anapatikana wapi?

Mimi niliingia Septemba 2021 kwa kupangiwa na KUCCPS, ile ofisi ya serikali inayopangia watoto vyuo, enzi zile serikali ilikuwa inapeleka watoto hadi vyuo vya kibinafsi, ilianza 2016 na mfumo mpya wa ufadhili wa 2023 ukaja kusimamisha. Karo ilikuwa inasaidiwa, mkopo wa serikali wa HELB nao ukaongeza, lakini hosteli hakuna mtu anakulipia, hiyo ni ya baba. Baba yangu ni fundi wa magari pale Voi na aliniambia neno moja tu, tutalipa pahali pa kulala kwanza halafu chakula tutajua. Nikapanda treni ya asubuhi ile inayosimama vituo vidogo, na begi, blanketi, ndoo na karai, nikafika Syokimau baridi inanipiga kama sijavaa kitu. Mtu wa Voi akiambiwa Nairobi iko baridi huwa anaitikia tu, haelewi, mpaka siku anashuka.

Matroni alinipokea mlangoni mwa hosteli na leso kiunoni. Akanipa ufunguo umefungwa kwa kipande cha mbao kimeandikwa namba ya chumba kwa kalamu ya moto, akaniambia, "Mwanangu, maji yanakuja saa kumi na moja asubuhi hadi saa mbili, jioni saa kumi na mbili hadi saa tatu. Jaza ndoo yako kila jioni, hata kama umechoka." Hayo maneno yamenisaidia kuliko oriyentesheni yote ya wiki nzima.

Chumba ni cha watu wawili. Vitanda viwili vya chuma, kabati mbili za ukutani zenye pahali pa kufuli, meza mbili, viti viwili, dirisha moja kubwa. Soketi moja. Enzi hizo ilikuwa soketi moja kwa watu wawili wenye simu mbili, laptopu mbili na pasi, na ekstensheni haziruhusiwi, kwa hivyo kila mtu alikuwa nayo na anaificha chini ya godoro matroni akipita kukagua. Hili nililiona kosa toka siku ya kwanza na nitalirudia huko chini. Godoro la chuo ni jembamba, usilale juu yake mwezi ukafikiri utazoea, utaumwa mgongo, nunua lako la hai densiti hata la inchi nne, ukimaliza unamuuzia mtu wa mwaka wa kwanza. Kunguni tulipata mwaka wa pili, walinyunyizia dawa tukiwa likizo na hawakurudi, hapo nawapongeza.

Sasa maji. Watu wa nje hawaelewi kwa nini tunaongea sana kuhusu maji. Nairobi imekuwa kwa mgao tangu 2017 bwawa la Ndakaini lilipopungua, na hilo bwawa ndilo linaloleta sehemu kubwa ya maji ya jiji, kwa hivyo mitaa mingi inapata maji siku fulani za wiki na siku zingine ni mikokoteni ya mitungi. Chuo kina kisima chake na matangi meusi makubwa nyuma ya jikoni, na kwa miaka yote niliyokaa ndani siku ambazo maji yalikosekana kabisa hata hazifiki kumi. Hii peke yake inatosha mtu kulala ndani. Unaamka, unasikia mabomba yanakohoa ukutani, halafu korido yote milango inafunguka mmoja baada ya mwingine, tap tap tap za ndala, wasichana wanabeba ndoo hawasemeshani bado macho yana usingizi. Ukiwahi shawa kabla ya saa kumi na mbili unapata ya moto, ile ya jua inayobaki kwa tangi la juu, na ikifika saa kumi na mbili na nusu imeisha, unaoga baridi ya Julai na hiyo si mchezo.

Ila jueni maji ya visima vya Nairobi yanajulikana kwa floraidi nyingi. Ya kuoga na kufua sawa, ya kunywa mnunulie mtoto mtungi wa lita ishirini awe anajaza, hata kuchemsha hakutoi floraidi, kunaikoleza. Mimi hakuna mtu aliniambia, nimekunywa ya bomba mwaka mzima mpaka dada mmoja wa mwaka wa nne akaniuliza mbona sina mtungi.

Kufua ni mikono. Kuna sinki za saruji nyuma na kamba za kuanika, na nguo zinapotea, hasa suruali za jinzi na shuka mpya. Kaa karibu na nguo yako na kitabu. Hakuna dawa nyingine.

Rumeti wangu wa miaka miwili ya kwanza alikuwa msichana wa kutoka Juba. Chuo chetu kina wageni wengi, Sudan Kusini, Kongo, Rwanda, Burundi, Tanzania, na hii naihesabu kama moja ya vitu bora kabisa vya kukaa ndani, nimejifunza kupika kisra na yeye amejifunza kusema "sasa unataka nini" kama mtu wa pwani. Alikuwa na pumu. Julai 2022, baridi imeshika, saa nane usiku akaanza kuvuta pumzi na sauti kama filimbi na inhela yake imeisha. Nilikimbia chini pekupeku nikagonga kwa matroni mara mbili tu, akatoka na leso na tochi, funguo zimening'inia shingoni kwa kamba, hakuuliza maswali, akafungua mlango mkubwa, akampigia dereva wa chuo huku anatembea, na tukawa kliniki ya chuo kabla hata sijapata viatu. Nesi wa zamu alikuwa macho. Wakamuwekea mashine ya mvuke, alfajiri akawa anaongea. Matroni alikaa pale kwenye benchi mpaka jua lilipochomoza na saa mbili akarudi kufungua stoo ya mafagio kama kawaida.

Kwa hivyo mtu akiniuliza kwa nini nilikuwa nalipa kitu 30,000 kwa semista chumba cha kugawana na bedsita ziko, namwambia hiyo hadithi. Mtu anayelala na funguo shingoni.

Na bedsita nimekaa, siongei kwa kusikia. Vyumba vinabukiwa kwa potali, inafunguliwa usiku na kufika asubuhi vimejaa, na lazima uwe umelipa nusu. Januari 2024 HELB ilichelewa, nikakosa. Baba akaniambia tafuta nje semista moja. Nikapata Rongai, 8,500 kwa mwezi na dipoziti ya mwezi mmoja, tokeni za stima zako, maji yako, intaneti yako, nauli yako kwenda na kurudi, na ukishajumlisha hiyo ya nje imeshapita ile ya ndani kwa mbali. Lakini si pesa tu. Ni muda. Magadi Road saa kumi na mbili asubuhi magari yanatambaa, klasi ya saa mbili unafika saa mbili na nusu na jasho. Halafu jioni laibreri ndiyo inaanza kunoga na wewe unaangalia saa kwa sababu unaogopa kushuka steji usiku peke yako. Kisha mvua za Aprili 2024 zikaja, zile zilizofurisha Nairobi watu wakafa na nyumba zikabebwa na maji. Kwangu maji yaliingia chini ya mlango usiku, nikaweka godoro juu ya meza na vitabu juu ya friji ya jirani, asubuhi keyateka anasema landilodi yuko ushago hapatikani. Funguo za stoo ambayo ndani yake kuna pampu zilikuwa na landilodi. Nililia siku hiyo, na Agosti potali ilipofunguliwa nilikaa macho na simu mkononi mpaka nikapata chumba.

Wenye uwezo wanaenda zile hosteli za kisasa kama Qwetu, kuna moja pale Lang'ata karibu na Wilson, nimetembelea rafiki, ni jengo zuri sana, mashine za kufua ziko, jimu iko, waifai inaruka. Bei yake haikuwa ya mfuko wetu. Kama mzazi unaiweza, mtoto atakaa vizuri.

Mesi. Asubuhi chai ya maziwa na mandazi ama mkate, mchana na jioni unalipa unachokula kwa kadi unayojaza na M-Pesa. Githeri yao ni nzuri, naisema wazi, mahindi yameiva na wanatia viazi na karoti. Chapo madondo ya Jumatano ina foleni inafika hadi kwa ubao wa matangazo, na mpishi wa zamu hiyo, baba mmoja mfupi mwenye kofia, akiona mwanafunzi amehesabu sarafu zake mara mbili anamtilia supu ya ziada bila kusema neno. Nimemuona kwa macho yangu mara nyingi. Wali wao ni mkavu, na kwa sisi tuliozoea wa nazi hapo ni kuvumilia tu. Mboga wanachemsha mpaka zinakuwa nyeusi.

Shida ya mesi ni Jumapili. Inafungwa saa nane mchana baada ya ibada na kula kwa wageni, na haifunguliwi mpaka Jumatatu asubuhi. Kupika chumbani hairuhusiwi, koili hairuhusiwi, kila floo ina kijichumba cha kupikia chenye pleti mbili za stima kwa wasichana karibu hamsini, na moja kwa kawaida haiwaki. Kwa hivyo Jumapili jioni nusu ya hosteli iko nje ya geti kwa kibanda cha mama wa ndengu, mwanamke mchangamfu sana, Mungu ambariki, anakopesha na anaandika kwa daftari la shule, na geti linafungwa saa nne kwa hivyo unakula ukikimbia. Chuo kinachohubiri kulisha wenye njaa kingefungua mesi hata kwa uji na mkate tu. Nilisema haya kwa mkutano wa wanafunzi na nayasema tena hapa kwa sababu wanaoteseka si wale wana pesa za kuagiza chipsi, ni wale hawana.

Ukaguzi wa geti ni mkali, begi linafunguliwa, kitambulisho kinaangaliwa, mgeni anaacha chake. Wengine wanalalamika ati wanacheleweshwa. Mimi nakumbuka nikiwa shule ya msingi tulivyokaa mbele ya redio Aprili 2015, shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi waliofuatwa kwa mabweni yao alfajiri. Soja akisema fungua begi nafungua na namwambia asante.

Laibreri ndiyo pahali nilipenda kuliko zote. Inafungwa saa nne usiku, wakati wa mitihani saa sita. Floo ya juu iko kimya, meza ziko kando ya madirisha na jioni unaona miti ya kampasi inageuka nyeusi pole pole. Soketi ziko kila meza, hapo walifikiria. Intaneti ni nzuri ndani ya laibreri na klasi, na ukisha-set eduroam kwa simu yako unaweza kuitumia hata ukienda chuo kingine kilicho kwa mtandao huo. Kwa hosteli waifai inafika floo ya chini tu, sisi wa juu tulikuwa tunakaa kwa ngazi na laptopu magotini usiku kucha kama ndege kwa waya wa stima. Wametia mashine mpya mwaka wangu wa mwisho, ikaboreka kidogo. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu, laibreri ina njia ya mteremko lakini hosteli zina ngazi tupu hakuna lifti, kwa hivyo aombe floo ya chini mapema na apate majibu ya kuandikwa.

Ile Ijumaa ya Agosti 25, 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, sisi tulikuwa na mtihani Jumatatu. Giza likaanguka ghafla, watu wakapiga kelele, halafu jenereta ikaanza kunguruma nyuma ya jikoni na laibreri ikawaka. Hosteli hawakuwasha, dizeli ilikuwa ya laibreri, kliniki na pampu ya maji peke yake. Tukahamia laibreri na blanketi zetu na mkutubi akaacha mlango wazi hadi alfajiri, hakufunga saa nne wala saa sita. Huko mitaani watu walikaa gizani mpaka kesho yake na wengine zaidi. Sitasahau, wasichana na wavulana wamelala juu ya vitabu na mzee wa watu anatembea kati ya meza akiokota kalamu zilizoanguka.

Ibada ya chapeli ni lazima mara mbili kwa wiki, wanaskani kadi mlangoni. Kwaya ni tamu. Kuna wenye wanaskani kadi wanatokea mlango wa nyuma, hilo liko na halitaisha. Kwangu chapeli ilinishika sana mwaka wa kwanza nikiwa mpweke, na kila floo ya hosteli ina chumba kidogo cha maombi chenye mkeka na taa moja, ukipita usiku hukosi mtu amepiga magoti. Ilikuwa na shida ya watu kukemea kwa sauti saa kumi usiku wakati wa mitihani, chumba kiko ukuta kwa ukuta na wanaolala, tukamwambia matroni, akaweka utaratibu, kabla ya saa kumi na moja ni kuomba kimya. Kila mtu alikubali. Mavazi kuna sheria, pombe marufuku kabisa, wavulana mwisho wao ni sebule ya chini, saa nne uwe ndani. Mzazi unapenda, mtoto anavumilia, na ukweli ni kwamba baada ya mwaka mmoja husikii tena kama ni sheria.

Sasa yale mawili yaliyoniuma.

La kwanza ni kufungwa kwa hosteli. Semista ikiisha unapewa siku moja baada ya mtihani wako wa mwisho, unaklia chumba, unarudisha ufunguo, unatoka. Mimi Voi ni treni. Mwenye Juba je? Desemba 2022 rumeti wangu hakuwa na tikiti, nyumbani hakukuwa na utulivu, na ofisi ikamwambia ombi la kukaa likizo lilipaswa kuletwa Oktoba na kuna ada ya kila siku. Hakuna aliyekuwa amemwambia Oktoba. Nilimkuta amekaa juu ya sanduku lake nje ya mlango wa hosteli, ufunguo ameshaurudisha, anaangalia simu ambayo hakuna anayempigia. Nikampigia mama. Mama hata hakunipa nafasi ya kumaliza kueleza, akasema mlete. Alikaa kwetu wiki tano, akala kimanga akaipenda, akaimba kanisani kwetu Krismasi. Nashukuru Mungu kwa hilo, lakini si kila mgeni ana rumeti wa Voi, na chuo kinachotangaza kwa mabango yake kwamba ni familia kingeacha hata korido moja wazi Desemba. Wakati naondoka walikuwa wameanza kuacha floo moja kwa wanafunzi wa kigeni, ada bado ipo. Mzazi wa nje ya Kenya, uliza hili siku ya kwanza kabisa na upate barua.

La pili ni mlango. Floo yetu ilikuwa na milango miwili, ule wa ngazi kuu na ule wa mwisho wa korido unaotokea ngazi ya chuma ya nje. Umeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ni wa dharura. Na ulikuwa na kufuli, na ufunguo wa hilo kufuli matroni hakuwa nao, ulikuwa getini kwa soja, karibu mita mia mbili. Sababu tuliyopewa ni kwamba wasichana walikuwa wanautumia kutoroka usiku. Juni 2024, nimerudi kumtembelea rafiki na nimelala kwake, ekstensheni moja ya kuficha chini ya godoro ikashika moto chumba cha katikati. Moto wenyewe ulikuwa mdogo, walimwagia ndoo za mchanga ukazimika, lakini moshi wa godoro ukijaza korido huoni hata mkono wako. Wa upande wetu tulikimbilia mlango mwekundu kwa sababu ndio ulikuwa karibu. Nilishika lile kufuli kwa mkono. Lilikuwa baridi na kubwa na watu wananisukuma mgongoni. Tukarudi ndani ya moshi hadi ngazi kuu, msichana mmoja akaanguka akavunjika mkono, na matroni tulimkuta uwanjani anarudi mbio kutoka getini na huo ufunguo, amechelewa, analia kabisa, mtu mzima.

Kenya tunajua hii kitu inafanya nini. Kyanguli, Machakos, Machi 2001, zaidi ya wavulana 60 walikufa bwenini, mlango mmoja umefungwa na madirisha yana vyuma. Kanuni za usalama za shule za 2008 ziko wazi, mlango kila upande wa bweni na wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, upana usiopungua futi tano, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, madirisha yasiwe na vyuma, kati ya kitanda na kitanda mita 1.2. Ziliandikwa kwa shule lakini moshi haujui nani ni wa chuo. Tuliandika barua, tukanakili hizo kanuni, tukaweka sahihi za floo nzima. Wiki zikapita. Septemba ukaja moto wa bweni la Endarasha kule Nyeri, watoto 21 wakafa, na wiki hiyo hiyo mafundi wakaja wakatoa kufuli na kuweka komeo la kusukuma, lile ambalo ukilisukuma na kiuno linafunguka na kengele inalia kwa matroni. Pia waliongeza soketi, sasa ni nne kwa kila chumba, kwa hivyo hakuna tena sababu ya kuficha ekstensheni. Nilifurahi na nilikasirika siku moja. Ilichukua watoto wa wenyewe kufa ndio kufuli itoke.

Nikipewa nyota tano za kugawa, maji na kliniki nawapa tano, laibreri tano, mesi tatu, vyumba tatu, waifai ya hosteli mbili, matroni hawezi kuhesabiwa kwa nyota. Usalama wa moto sasa hivi nne, zamani ningewapa sifuri.

Ukienda kutembelea usikubali kuonyeshwa chumba cha mfano peke yake. Omba kupandishwa floo ya juu, fungua bomba, nusa choo, tembea hadi mwisho wa korido na usukume ule mlango kwa mkono wako. Baba alikuja na mdogo wangu wiki mbili zilizopita na alifanya hivyo hivyo, kengele ikalia, matroni akatoka chini na leso kiunoni kuangalia ni nani, akaniona, tukakumbatiana pale kwa ngazi. Potali ilipofunguliwa mdogo wangu hakutafuta chumba chenye jua la asubuhi kama wenzake. Alichukua cha pili kutoka mwisho, ule upande wa mlango mwekundu.